Dola za Mahari Ndani ya Pindo

Niliondoka Bukavu kwa sababu moja: Bahati, mtoto wa marehemu kaka yangu, alitaka kuoa, na hakuna mwanaume hata mmoja wa ukoo wetu aliyeweza kupeleka mahari. Si kwamba wamekwisha. Wapo, na wanakula vizuri tu. Lakini tangu mapinduzi yaingie mjini, mwanaume akifika kwenye bariera, kizuizi cha askari barabarani, upande huu anaulizwa kwa nini anakwenda kwa adui, akifika upande ule anaulizwa kwa nini anatoka kwa adui, na akichelewa kujibu anapewa bunduki abebe. Basi baba zake wadogo wakakaa kikao, wakakohoa, wakaangaliana, na mwisho wakanikumbuka mimi.

"Maman Faida," wakasema, "wewe uko mwanamuke. Utapita."

Miaka yote nikiomba neno kwenye vikao vya ukoo naambiwa nikaangalie sufuria. Siku hiyo ghafla nikawa mkuu wa msafara.

Mimi ni mshonaji, nina mashine yangu sokoni Kadutu. Binti tuliyemchumbia anaitwa Neema. Alisomea ualimu pamoja na Bahati hapa Bukavu, na mji ulipochukuliwa akarudi kwa wazazi wake Luberizi, kule chini kwenye uwanda wa Ruzizi wanakolima mpunga. Baba yake, Papa Kashindi, alitutumia neno kwa simu: mavuno ya mpunga yakiisha hajaona mahari, anamtoa Neema kwa mnunuzi mmoja wa mchele ambaye pikipiki yake ilikuwa tayari inalala uani kwake. Halafu Neema mwenyewe akanipigia mimi, shangazi wa Bahati, kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha. "Tantine, mufanye mbio. Ule mutu mie simupendi. Ananiangaliaka sawa gunia." Bahati aliposikia hayo aliacha kula, na huyo ni kijana ambaye hata malaria haijawahi kumtoa kwenye sahani. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Sasa, pesa. Mapinduzi yetu yalikuja na spika kubwa. Tuliitwa uwanjani tukasimama juani, na wakubwa wapya, ambao sharti uwaite kamaradi, wakatuambia kwamba kuanzia leo utajiri wa nchi ni wa wananchi. Nilifurahi, nikarudi nyumbani kuusubiri. Kilichofika kwanza ni kufuli kwenye mlango wa banki. Kamaradi wanasema ni Kinshasa waliofunga. Kinshasa wanasema ni kamaradi. Banki yenyewe haisemi kitu. Pesa iliyo kwenye simu ipo, unaiona kabisa kwenye kioo, lakini ukitaka kuitoa mwenye kibanda anakata kipande kinono hadi unajiuliza nani kati yenu alikuwa ameifanyia kazi.

Falanga zikabaki zilezile, zinazunguka bila kupumzika, bila noti mpya kuja kuzisaidia. Zimechakaa, zimebandikwa skochi, zinanuka samaki. Mimi nimerudishiwa noti yenye kichwa cha noti moja na miguu ya nyingine. Wenye maduka hawana chenji, wanakupa pipi. Asubuhi sukari ina bei, mchana ina bei nyingine, na ukiuliza sababu unaambiwa, "Maman, ulikuwa wapi asubuhi?" Hata parokiani padri alilalamika kwenye misa kwamba sadaka imegeuka hospitali ya noti, kila iliyokataliwa sokoni inaletwa kwa Mungu.

Dola ni hadithi nyingine. Falanga inaruhusiwa kuwa mzee mwenye vidonda, lakini dola lazima iwe bikira. Ikiwa na mkunjo inashuka bei. Ikiwa na alama ya kalamu inatazamwa vibaya. Ikiwa na tundu, hata dogo kama jicho la sisimizi, imekufa, mazishi leo. Nasikia wenyewe waliozichapa wanazikunja mfukoni kama karatasi za kufungia karanga. Sisi tunazilea kuliko watoto wetu.

Ukoo ukachanga. Tukajaza mfuko mzima wa falanga, nikaupeleka kwa mbadilisha pesa wa karibu na kibanda changu, mtu mwenye meza ndogo na kiburi kikubwa. Akazipokea falanga kwa ncha za vidole, akanitolea noti tatu za dola mia. Nami nikafanya kama tunavyofanya wote: nikazitazama kwenye jua, nikapapasa kola ya yule mzungu aliyechorwa kwenye noti, nikanusa. Safi kabisa. "Hizi ni za harusi," akasema, na kwa neno hilo tu akaongeza bei. Mwizi! Lakini nililipa. Mahari haipelekwi kwa noti yenye mikunjo, watu watasema mtoto wenu mnamwoza kwa takataka.

Jioni nikaketi na kitenge changu cha safari, nikafungua pindo la chini, nikazilaza zile noti ndani ya plastiki, nikalifunga. Kwa kuwa mimi si fundi wa kubahatisha, nikapitisha mshono wa pili juu ya wa kwanza, mfupi na wa kubana, ili askari apapase mpaka achoke. Nikajisifu. Hakuna mwizi wa kuifungua kazi yangu bila mkasi.

Alfajiri iliyofuata nilipanda lori la chumvi. Niliketi juu ya magunia nikiwa nimevaa vitenge viwili, cha juu kikiwa kile chenye pindo lenye thamani. Mkononi nilikuwa na kikapu chenye kitenge kipya cha mama mkwe, chumvi, jembe jipya ambalo wazee walisema lisikose, sindano na nyuzi zangu, na kifuko cha falanga chakavu kwa ajili ya bariera. Nilikaa wima kama bibi harusi mwenyewe. Jirani yangu, mwanamke mnene anayeuza dagaa, akaniuliza kama ninaumwa mgongo.

"Niko na haraka ya kufika salama," nikamjibu.

"Eh, basi ungezaliwa inchi ingine," akasema, akalala.

Kuanzia Nyangezi barabara ilianza kushuka. Kule Ngomo mlima umekatwa ukingoni, na lori linapita kama mbuzi: gurudumu moja barabarani, moja likifikiria. Abiria walisali rozari kwa sauti, nami nikasali pia, lakini nakiri nilikuwa nimeshika pindo badala ya rozari. Mama wa dagaa aliamka, akatazama chini bondeni, akafumba macho tena.

Kamanyola tulifika jua likiwa limeshakuwa kali. Hapo ndipo bariera ya kamaradi. Kijana mwenye sare mpya na buti za mpira akatushusha wote, akapita akipapasa mizigo. Alipofika kwangu nilitoa noti mbili za falanga kutoka kwenye kifuko, kwa heshima, kama inavyotakiwa. Akazifungua, akazitazama.

"Maman, hizi haziko zinatembea."

"Kamaradi, ni pesa ya hapa hapa."

"Zimechoka. Nipatiye zenye iko na nguvu."

Jamani! Nimeishi mpaka nikamwona mla rushwa anayechagua. Mtu anaiba kisha anadai bidhaa bora! Nilitaka kumjibu vibaya, mdomo ulikuwa umeshafunguka, lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye kitenge changu. Hapo nikaona kifungo cha kifuani kwake kinaning'inia kwa uzi mmoja, na mfuko wa shati umepasuka.

"Papa," nikasema, "kamanda wako anakuona hivi?"

Akajitazama. Akawa mtoto ghafla. Nikachukua sindano, nikamshona akiwa amesimama, kifungo na mfuko, akiwa amenyoosha shingo kama anapimwa koo. Wenzake wawili wakaja na suruali zao. Nikawashona wote, na bado lori lilikuwa linanisubiri kwa sababu dereva naye alikuwa na mkono wa koti uliofumuka. Nilipomaliza wakasema, "Pita, maman, mapinduzi inakushukuru." Pindo langu hawakuligusa.

Lori lilitufikisha sokoni hapo Kamanyola, likaishia hapo. Kuanzia hapo nilichukua pikipiki, tukapita kipande cha barabara ambacho si cha mtu. Hakuna mwuza ndizi, hakuna mbuzi. Dereva wa pikipiki alikuwa akiimba mwanzoni, akaacha. Mimi niliogopa sana, na sioni aibu kusema.

Karibu na Luvungi tukakuta bariera ya upande wa pili, ya wale wanaopigana na kamaradi. Hao walikuwa na ndala, mabegi ya shule, na hasira nyingi. Mkubwa wao akaniuliza natoka wapi. Nikasema Bukavu, kwa sababu vumbi lilikuwa limeshasema. Nikatoa falanga.

"Hii ni makuta ya adui," akasema.

"Muzee, ni falanga ya Kongo. Soma mwenyewe."

"Inatoka kule. Sisi hatukamate pesa yenye batu ba kule baligusa."

Na mfukoni mwake, mimi na macho yangu haya, zilikuwa zimechomoza noti zilezile, banki ileile, uchafu uleule. Kisha nikaona bendera yao juu ya mti imechanika katikati, nusu inapepea na nusu imelala. Nikaomba waishushe. Nikaishona kwenye kivuli chembamba cha kibanda chao, mshono wa kurudia, na yule mkubwa akasimama pembeni akinitazama kwa huzuni ya kweli. Akaniambia mama yake pia alikuwa mshonaji, kule Bagira, Bukavu. Hajamwona tangu vita. Hakunitoza kitu. Nilipomwambia nitampelekea mama yake salamu, akageuza uso upande wa mashamba.

Mchana ule nikafika Luberizi. Mashamba ya mpunga yamejaa mpaka barabarani, watu wanavuna, wengine wanapiga mafungu juu ya maturubai. Lakini nusu ya mashamba ilikuwa imeshabaki mabua. Tena nyumbani kwa Papa Kashindi niliiona ile pikipiki uani, inang'aa, na mwenye nayo ameketi kivulini akitafuna kijiti. Hakunisalimu. Neema alitoka jikoni akanipokea kikapu. "Tantine, umekuya," akasema, basi, akarudi ndani haraka.

Jambo la kwanza nililoona Luberizi ni kwamba hawashughuliki na falanga kabisa. Kopo la mchele ndilo pesa. Sabuni ni makopo, chumvi ni makopo, hata kunyoa nywele ni kopo. Kinyozi alikuwa na gunia pembeni kama mfanyabiashara mkubwa. Nikamuuliza Papa Kashindi kama hawapati shida.

"Shida ya nini?" akasema. "Mchele hauulizake raisi ni nani."

Baada ya kula tukaingia sebuleni. Papa Kashindi kwenye kiti, mkewe Maman Nyota kwenye mkeka, Neema mlangoni, na kaka wa Papa Kashindi, Tonton Barthélemy, ambaye zamani alifanya biashara Bukavu na hataki mtu asahau. Mimi peke yangu nikiwa ukoo mzima. Nikatoa salamu za wazee, nikatoa kitenge cha mama, chumvi, jembe. Wakaitikia vizuri. Kisha nikaomba mkasi na chumba, nikafumua pindo langu kwa fahari, nikarudi na zile noti tatu juu ya sahani nyeupe.

Tonton Barthélemy akazishika. Akapapasa kola. Akanusa. Kisha akaenda mlangoni, akainua ya kwanza kwenye jua.

Akainua ya pili. Akainua ya tatu.

"Maman," akasema, "hizi zimetobolewa."

Nikacheka, nikadhani ananitania. Nikaenda kusimama karibu naye. Mwanga ulikuwa unapita kwenye vitundu, kimoja, kingine, kingine, vimejipanga mstari ulionyooka, umbali sawasawa kati ya kimoja na kingine. Sikuhitaji kuambiwa. Mshono wangu naujua. Plastiki ilikuwa imeteleza ndani ya pindo, nami nikapita juu yake na sindano yangu ya sifa, mara mbili, noti zote tatu kwa pamoja, kazi ya kubana. Ukoo mzima ulijinyima, na mimi nikaupiga upindo.

Nilikaa chini.

"Bukavu hazitembei," akasema Tonton Barthélemy, kwa furaha ndogo ya mtu anayejua. "Uvira hazitembei. Hata Kinshasa. Zimekufa."

"Mushono iko mzuri lakini," akasema Papa Kashindi, na sijui mpaka leo kama alikuwa ananicheka. Halafu akashusha pumzi. "Maman Faida, mie sina ubaya na nyinyi. Lakini mtu hatoe binti yake kwa karatasi ya kufa. Na mavuno iko inaisha." Hakutazama nje, lakini sote tulisikia pikipiki ikiwashwa, ikaguruma, ikazimwa. Neema pale mlangoni alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Mimi nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, kwa hasira, nikimlaani mbadilisha pesa, kamaradi, Kinshasa, na mkono wangu wa kulia.

Ndipo Maman Nyota akainuka kwenye mkeka. Tangu niingie alikuwa amesema "karibu" na "kula" tu. Akaingia chumbani, tukasikia anavuta kitu kizito, akarudi na sanduku la bati lenye kutu. Akalifungua katikati yetu. Lilikuwa limejaa noti mpaka juu, mafungu yamefungwa bado kwa karatasi za banki: zaire. Pesa ya zamani kabla ya falanga, ya yule raisi muzee mwenye kofia ya chui.

"Papa Neema," akasema, "hizi ni nini?"

Papa Kashindi akajikuna shingo.

"Niko nauliza. Ni nini?"

"Dote yako," akasema polepole.

"Dote yangu, mahari yangu. Baba yangu alinirudishia siku alikuwa anakufa. Maman Faida, sikia. Huyu na ndugu zake balileta hizi na kitunga, wanaume wawili wanabeba, ngoma inapigwa. Kulikuwa na sufuri nyingi, baba yangu alizani amekuwa tajiri. Mbuzi ya sherehe haikuwa imemaliza kuliwa, na pesa ilishakufa. Alienda kununua ngombe, bakamwambia sasa inatosha kuku. Akarudi kuongeza, bakamwambia kuku iko imepanda, sasa ni yai." Akamgeukia mumewe. "Baba alikuya kunikamata? Alisema pesa imekufa, binti arudi?"

"Hapana."

"Nimekuzalia wangapi?"

"Maman Nyota, wageni..."

"Wangapi?"

"Saba," akasema Papa Kashindi.

"Saba, na karatasi ya kufa." Akachukua zile dola tatu kutoka mkononi mwa Tonton Barthélemy. Akazilaza juu ya zaire zake, akazinyoosha kwa kiganja. "Dote ya binti ilale na ya mama yake," akasema, akafunga sanduku. Lile bati lililia *ka!*

Papa Kashindi alitazama sanduku, akamtazama mkewe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akanyanyua lile jembe jipya, akaligonga kwa kucha kulisikiliza, akatoka nalo uani. Tulimsikia akimwambia mwenye pikipiki kwamba mavuno yamekwisha. Mtu yule akauliza mbona mashamba bado. Papa Kashindi akamjibu kwamba kwake yamekwisha, mahari ameshaiona, pikipiki ikalale kwingine.

Kesho yake asubuhi nilianza kurudi. Maman Nyota alinipa gunia dogo la mchele, "ya kupikia bashemeji," akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Bariera ya kwanza, yule mkubwa wa bendera alinipa salamu za kumpelekea mama yake Bagira, na viazi viwili vya kuchoma vya njiani. Bariera ya Kamanyola, kijana wa kifungo aliita wenzake: "Maman wa sindano amerudi!" Wakaleta soksi. Walitaka pia mchele, kidogo nikawapa, kwa sababu mchele hawaukatai kwamba umechoka. Falanga zangu chakavu zilirudi nyumbani zote kama zilivyoondoka. Hakuna aliyezitaka kokote, huku wala kule, hata bure.

Nimejifunza nini? Kwamba pesa ni kitu cha kuaminiana, na sisi tunatawaliwa na watu wa pande mbili wasioaminika hata kwa kifungo. Kwamba sindano imenivusha bariera zote, na ndiyo iliyoniua. Na kwamba kama unataka kujua bei ya kitu chochote katika nchi hii, usiulize wanaume waliokaa kwenye viti. Muulize mwanamke aliye kwenye mkeka, mwenye sanduku.

Kadutu nilifika jua linashuka nyuma ya mabati. Bahati alikuwa amesimama kwenye kibanda changu, amekonda, mashine yangu ameifuta vumbi mpaka inang'aa, sijui ni tangu lini alikuwa anaifuta. Aliniona, akauliza kabla ya salamu.

"Tantine. Zile dola. Bamezikamata?"

"Bamezizika," nikamwambia.

Uso ulimwanguka. Nikatua gunia la mchele miguuni pake, nikavuta kiti changu, nikatunga uzi kwenye sindano.

"Usinisimamie hapo. Enda ukanunue kitambaa cheupe. Gauni haitajishona."